Kibuyu Chenye Matundu Tisa

Wifi yangu Yasinta hapendi kusifiwa, kwa hiyo nitaanza na kasoro zake. Ni mbishi. Ukimwambia chai ni ya moto, ataonja kwanza ndipo akubali. Akinuna, hanuni kama sisi wengine tunaobamiza masufuria, yeye ananyamaza tu, na huo unyamavu wake unajaa nyumba nzima mpaka wewe ndiye unaomba msamaha bila kujua umekosa nini. Lakini umpe kibuyu kilichopasuka, hapo utamwona mtu. Kazi yake ni kushona vibuyu. Hapa Makole yuko peke yake, na nadhani mjini Dodoma kote hawafiki watano.

Alikuja kwetu kutoka upande wa Bahi, mwaka ambao mumewe alioa mwanamke wa pili na kumpa huyo wa pili ng'ombe wa huyu wa kwanza. Hakupiga kelele. Alifunga vibuyu vyake katika kanga mbili, akaja kwa kaka yake Lameck, ambaye ndiye mume wangu. Mimi nilivimba. Nyumba yenyewe vyumba vitatu, watoto wanne, halafu anakuja wifi na mzigo wa vibuyu! Mwezi mzima hatukusemeshana. Siku moja kibuyu changu cha maziwa kikaanguka, kikapasuka toka mdomoni mpaka tumboni. Nilikiacha jikoni nikaenda zangu sokoni. Niliporudi nilikikuta kimeshonwa, kimezibwa kwa nta, kimetundikwa ukutani kinang'aa.

Nilimuuliza Lameck, "Dada yako ananichokoza?"

"Hakuchokozi," alisema. "Kwao upande wa mama, mwanamke akikuta kibuyu kimepasuka ataufunga ufa huo kabla jua halijazama. Hata kiwe cha adui yake. Mshono haulali wazi. Mama alikuwa hivyohivyo. Aliwahi kumshonea mwanamke aliyemtukana hadharani, akamaliza, akaondoka bila kusema neno."

"Kwa nini?"

"Wanasema maziwa hayajui ugomvi wenu."

Jioni ile nilimpelekea Yasinta ugali wa uwele na mlenda. Sikusema asante, yeye hakusema karibu. Tukaelewana tangu hapo.

Siku hizi vibuyu vya kushona havimjii sana. Watu wana ndoo na madumu. Wanaomletea kazi ni wafugaji wa pembezoni, na hawa wafanyakazi wa wizarani waliohamia juzijuzi, wanaotaka kibuyu cha kuweka juu ya meza ya televisheni. Yasinta huwauliza, "Utatia nini ndani?" Wakijibu "maua ya plastiki" huwashonea, ila hawatazami usoni.

Basi mwaka jana, mwezi wa tano, akaja Geofrey.

Kijana wa miaka thelathini na kitu, nywele kama hajaonana na kinyozi tangu mavuno, suruali ina rangi za kila aina. Alisimama uani akatusalimu vizuri, hilo sitamnyima.

"Shikamooni, mama zangu. Nimeambiwa hapa ndipo kwa Bibi Yasinta anayeshona vibuyu."

"Marahaba," nilisema. "Wewe wa wapi?"

"Iringa. Mhehe."

"Loo! Yasinta, hesabu mbuzi, mtani kaingia!"

"Mbuzi wenyewe mmewakondesha hivi?" alijibu papo hapo. "Nikimbeba mmoja, polisi watasema nimeiba fito."

Hapo nikamletea kiti.

Alijieleza. Ni msanii, anafundisha chuoni, amepanga banda Kizota katikati ya wachomelea mageti. Sanaa yake si ya kuchora twiga na machweo. Yeye huchukua kitu cha kawaida, akakiweka peke yake ndani ya chumba, akakimulika taa, watu wakakizunguka wakishika videvu. Nilimuuliza kama anaweza kula kwa hiyo. Akasema wakati mwingine.

Akatoa simu akatuonyesha picha. Ilikuwa ya kibuyu kikubwa, cheusi kwa uzee, kimepasuka mbele, na kando ya ufa kuna uzi na matundu. Akasema kiko kwenye makumbusho moja Ujerumani, kina miaka zaidi ya mia moja na ishirini huko. Sasa watu wa makumbusho wamekubali kukileta Dodoma kwenye maonyesho, na yeye Geofrey ndiye ameombwa kutengeneza kazi ya sanaa itakayokaa pamoja nacho.

"Ninyi Wahehe mlidai kichwa cha mtemi wenu mkarudishiwa," nilisema. "Sisi Wagogo tunarudishiwa kibuyu kilichopasuka!"

"Tena hamrudishiwi, mama. Mnaazimwa. Miezi minne, kisha kinarudi."

Nilitaka kucheka, nikaona hainichekeshi. Kuazimwa kitu chako! Kama jirani akuazime sufuria lako mwenyewe, halafu akukumbushe ulirudishe safi.

Geofrey akatusomea maandishi ya huko, akiyageuza kwa Kiswahili. Kwamba ni kibuyu cha dawa cha mganga wa mtemi, Ugogo. Kwamba kilichukuliwa na afisa mmoja wa boma la Kilimatinde. Na kwamba matundu tisa kila upande wa ufa ni ya kutolea pumzi ya mizimu.

Yasinta hucheka labda mara mbili kwa mwaka. Siku ile alicheka hadi akaweka chini shazia yake, ile sindano kubwa ya kushonea, asije akajichoma.

"Mizimu gani, mjukuu wangu! Hebu kuza hapa. Umeona huku chini kilivyochubuka? Hapo ni kwenye paja. Hiki kinasukwa maziwa kila siku ya Mungu, miaka na miaka. Mganga gani atasuka dawa mpaka kibuyu kichubuke?"

"Na matundu, bibi?"

"Matundu katoboa mshonaji. Unatoboa yote kwanza, huku na huku, ndipo unapitisha uzi. Fuata kidole changu. Uzi umeanzia mdomoni, umeshuka, umefika hapa katikati ya tumbo. Matundu tisa yanayobaki hayajapitishwa kitu." Alikaza macho. Kicheko kilikuwa kimeisha. "Na uzi wenyewe haukukatika. Ukikatika ungekuwa na manyuzinyuzi. Huu ncha yake imesokotwa, imelowekwa mate, tayari kuingia tundu linalofuata. Huyu mama alikuwa anashona. Walikichukua mikononi mwake."

Geofrey alirudi kitini akaitazama picha yake kama aliyeipata leo.

"Kinakuja lini?" Yasinta aliuliza.

"Mwezi wa nane."

"Kikija nitaufunga."

Geofrey alitabasamu akidhani ni maneno tu. Mimi sikutabasamu. Namjua wifi yangu.

Kazi aliyopewa na Geofrey ni vibuyu saba, vipasuliwe mbele na kushonwa kama kile cha kwenye picha. Kuvipasua alikataa, akisema mtu mwenye akili hapasui kibuyu kizima. Ikabidi Geofrey azunguke vijijini na pikipiki kutafuta vilivyopasuka vyenyewe. Alivipata, akavileta, akaagiza mbele yangu: "Bibi, ushone nusu tu. Uzi uishie katikati, matundu tisa yabaki wazi. Ndiyo maana yenyewe, watu waone kazi iliyokatizwa." Yasinta akajibu, "Nimesikia." Nami nikajisemea, kusikia si kukubali, lakini nikafunga mdomo wangu.

Baada ya wiki akarudi. Vibuyu saba vimepangwa barazani, vimeshonwa toka juu mpaka chini, vimezibwa nta, maji hayapiti.

"Bibi!" Alishika kichwa. "Nilisema nusu!"

"Nusu niliishona," Yasinta alijibu. "Ikabaki nusu nyingine."

"Sasa nitafanyaje? Maonyesho yamekaribia!"

"Tia maziwa."

Nilienda jikoni kucheka. Niliporudi nilimkuta Geofrey amechuchumaa, anapitisha kidole juu ya mshono mmoja baada ya mwingine. Alimuuliza kama hakuweza kabisa kuviacha wazi, hata kwa kazi aliyoagizwa. Yasinta alifikiri kidogo. Akamwambia kila jioni alijaribu kuviacha. Anakaa, anakula, kisha anasikia kama kuna mtu amebaki nje ya mlango.

"Basi viwe saba vilivyofungwa," Geofrey alisema mwishowe, "na kimoja kilicho wazi. Labda ni bora hivyo."

"Si bora," Yasinta alisema. "Hicho kimoja ndicho bado."

Kibuyu kilifika mwezi wa nane kweli, ndani ya sanduku la mbao utadhani maiti ya mtu mkubwa. Kiliwekwa katika ukumbi mjini, ndani ya kioo, na vile saba vya Yasinta vikaning'inia kukizunguka. Aliyekisindikiza ni mhifadhi kutoka Dar es Salaam, mwanamke wa makamo aitwaye Emilia, mpole, mwenye miwani ya kamba. Siku ya kufungua walikuja watu wa wizara na wanafunzi, zikasomwa hotuba. Yasinta hakusikiliza hotuba hata moja. Alisimama mbele ya kioo, akahesabu matundu kwa midomo, mpaka tisa. Kisha akamwendea Emilia.

"Mwanangu, nifungulie hapa. Nina uzi wangu. Ni kazi ya asubuhi moja."

Emilia hakumcheka, nampa haki yake. Alimwambia, "Shikamoo mama. Hakiguswi kwa mkono mtupu. Hata mimi sikigusi. Si changu wala si cha ukumbi huu, ni cha waliotuazima. Pole."

Nilichemka. "Kwa hiyo mikono ya aliyekilima, akakikausha, akakishona haikuwa michafu," nilisema, tena kwa sauti, "ila yetu sisi ndiyo itakichafua?"

"Siyo hivyo, mama..."

"Ni vipi basi?"

Akaitwa na wakubwa, akaondoka kabla hajajibu. Mimi nikahesabu kwamba hana jibu.

Yasinta hakubishana. Kesho yake alirudi. Na keshokutwa. Kila baada ya chai ya asubuhi alijifunga kanga, akaenda, akakaa kwenye benchi mbele ya kioo na uzi wa ukonge mapajani akiusokota. Hasemi na mtu. Watoto wa shule wakija na mwalimu wao wanadhani ni sehemu ya maonyesho. Mwalimu mmoja aliwaeleza kabisa, "Na huyu bibi anawakilisha wazee wetu." Yasinta akamwambia, "Mimi siwakilishi mtu, nasubiri zamu yangu."

Siku ya tisa au ya kumi Emilia alikaa naye kwenye benchi. Waliongea nini sijui, maana wifi yangu akiulizwa hujibu "mambo". Ila tulipata habari kupitia kwa Geofrey kwamba Emilia ameandika barua Ujerumani. Ameeleza ya kibuyu cha maziwa, ya matundu, ya uzi uliolowekwa mate, na kwamba mshonaji yupo na anaomba kumalizia. Geofrey alisema tusitegemee. Watu hao wakipewa barua huipa kamati, na kamati huipa likizo.

Majibu yalikuja mwezi wa kumi. Wamekubali!

Geofrey alikuja mbio kutoka Kizota, hana hata kofia ya pikipiki. Bibi amekubaliwa ashone, mbele ya watu, ipigwe video, ionyeshwe huku na kule kwao. Kulikuwa na karatasi za kusaini, kurasa nne, Kiingereza kitupu. Yasinta alisaini jina lake herufi moja moja. Mimi nikasaini kama shahidi, kwa elimu yangu ya darasa la saba, na sikuona haya kutojua kilichoandikwa, maana Geofrey mwenye digrii mbili naye aliruka mpaka penye mstari wa kusaini. Usiku huo Lameck alimchinjia dada yake jogoo. Yasinta alikula, akaomba aongezewe mchuzi. Sijawahi kumwona ameomba kitu mezani.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Yasinta alivaa kitenge kipya na kilemba. Wakaweka meza, kitambaa cheupe, taa, kamera mbili. Emilia akafungua kioo, akakitoa kibuyu kwa mikono yenye glavu, akakilaza. Kisha akamletea Yasinta glavu za bluu na barakoa.

Wifi yangu alizitazama glavu.

"Sishoni na hizi. Kidole kikifungwa hakisikii tundu."

"Lazima, mama. Imeandikwa kwenye zile karatasi."

Watu wakaanza kunong'ona. Mimi nikasimama nikiwa nimejiandaa kusema yale niliyoyahifadhi tangu mwezi wa nane. Lakini Yasinta aliniwahi, akauliza taratibu, kama anayeuliza njia:

"Mnaogopa nitakichafua?"

Emilia alivua miwani. "Hapana, mama. Kwani Geofrey hakukusomea? Glavu si za kukilinda kibuyu. Ni za kukulinda wewe. Huko zamani, vitu hivi vilipofika walivipulizia dawa ili wadudu wasivile. Waliipuliza miaka mingi. Ni sumu kali, na imeingia ndani ya ganda. Haioshwi ikatoka."

Geofrey alikuwa ameshika ukuta. Uso wake ulionyesha wazi kwamba hakusoma.

Yasinta alivaa glavu. Zilimchukua muda, vidole vyake vimekunjamana kwa miaka ya uzi. Akavaa na barakoa. Akakiinua kibuyu kwa mikono miwili, akakigeuza, akakitazama ndani kwa kupitia ule ufa. Alikipakata pajani kidogo, pale pale palipochubuka. Kamera zikasogea. Alichukua shazia, akatia uzi, akaileta mpaka kwenye tundu la kwanza kati ya yale tisa.

Akakaa hivyo. Sijui dakika ngapi.

Kisha akauchomoa uzi kwenye shazia, akaiweka shazia juu ya kitambaa.

"Mama?" Emilia aliuliza. "Umechoka? Tupumzike?"

"Sishoni."

"Bibi," Geofrey alisema akisogea. "Umesubiri tangu mwezi wa tano. Wamekubali. Ni matundu tisa tu."

"Najua ni tisa. Nimeyahesabu kuliko wewe." Alivua barakoa ili asikike. Wifi yangu si mtu wa hotuba, na ile haikuwa hotuba, aliongea kama anayemweleza mteja kwa nini kazi yake haijawa tayari. "Kibuyu kikishonwa, mshono wangu unasema kitu. Unasema kiko kizima, tia maziwa. Leo mnajua kina sumu. Mimi nitakufa, na wewe utakufa. Atakuja mtoto wa mtu miaka hiyo, atakikuta kimefungwa vizuri, kinapendeza, ndani ya nyumba yoyote kitakapokuwa, atatia maziwa. Nani atakuwa amemwambia kiko salama? Mimi."

"Yule mwenzangu alikuwa anashona watoto wanywe. Hakuachia katikati kwa kupenda. Mimi naacha kwa kupenda. Kibaki wazi, kila mtu aone hakitiwi kitu." Alimgeukia Emilia. "Waandikie wale. Waliotia dawa ndio waitafutie dawa ya kuitoa. Wakiweza, wakilete, tena si kwa kuazima. Nyumbani ni Makole, waulizie kwa mshona vibuyu. Nikiwa sipo, yupo mtu nitakayekuwa nimemfundisha."

"Na yale maandishi yao?" nilidakia, maana mtu akishatengeneza njia na mimi napita. "Ya mizimu?"

"Hayo yafutwe leo."

Emilia aliyafuta siku ileile, kweli. Aliomba kalamu, akaandika mwenyewe kwa mkono, huku Yasinta akimtajia na mimi nikisahihisha pale anapoweka maneno marefu. Karatasi ile ilikaa kwenye kioo mpaka mwisho wa maonyesho, na Emilia alituonyesha ikiwekwa ndani ya sanduku kibuyu kilipoondoka. Ilisema: Kibuyu cha kusukia maziwa. Mshonaji ni mwanamke wa Ugogo, jina lake hamkuliuliza. Alikatizwa kazi. Kina sumu mliyoitia ninyi. Msikitie kitu, wala msikifunge mpaka mkisafishe.

Video ilikwenda kwao vilevile, ya mwanamke anayekataa kushona. Geofrey ananiambia ndiyo kazi yake bora kuliko zote, na kwamba si yake. Nikamwambia angalau hilo la pili amelijua.

Siku ile tulirudi kwa miguu, mimi na Yasinta, jua bado lipo. Nilimsubiri aseme, hakusema. Tulipofika karibu na nyumbani nikashindwa kujizuia.

"Wifi, haikuumi?"

"Inaniuma sana," alisema. Akatembea hatua kadhaa, akajifunga kanga upya. "Usiende mbio hivyo. Leo magoti yananisumbua."